Kompyuta ya Injini Haifi Bure

"Ami, hii kompyuta imekwenda." Ukiambiwa hivyo gerejini, iwe Changamwe au Kongowea, kuna mawili: ama fundi amepima hadi akafika mwisho wa kupima, ama amechoka kupima. Kwa mwenye gari si rahisi kuwatofautisha. Wote wawili watakuonyesha kisanduku kile kile cha bati, wote wawili watakutajia bei ya kukushtua, na wote wawili wana rafiki mwenye spea "safi, ya Japani".

Nazungumzia magari ambayo mji huu wa Mombasa umejaa: RAV4 za mwanzo wa miaka ya 2000, Pajero za V6 za miaka ya 1990, X-Trail za kwanza, Prado na Surf za petroli. Kompyuta za magari haya hufa kweli, asije mtu akadai nimesema hazifi. Lakini nyingi zinazong'olewa na kutupwa zilikuwa nzima, na zile zilizokufa kweli mara nyingi ziliuawa na kitu ambacho bado kimo ndani ya gari. Ukifunga nyingine bila kukitafuta kitu hicho, umempelekea muuaji mtu wa pili.

Sanduku lenyewe kazi yake ni kusikiliza na kuamuru. Sensa ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, huliambia injini inazunguka kwa kasi gani na pistoni ziko wapi. Sensa nyingine huleta habari za hewa inayoingia, joto la maji, kiasi dereva alichokanyaga mafuta, na oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Kwa habari hizo kompyuta huamua injekta, inayonyunyiza petroli, ifunguke kwa muda gani na koili ipige cheche lini, na huamua upya kila mara injini inapozunguka. Kwenye Toyota nyingi za gia otomatiki za rika hili, kompyuta hiyo hiyo ndiyo pia inayoamuru gia zibadilike. Jambo hili la mwisho lina gharama yake, nitalifikia.

Kinachofanana na kifo

Ili iamke, kompyuta inahitaji umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, umeme wa pili unaopita kwenye rilei kuu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) unapowasha swichi, na nyaya za athi, zile zinazorudisha umeme kwenye hasi ya betri, zilizofungwa kwenye injini na kwenye bodi ya gari. Kimoja kikikosekana, kompyuta nzima kabisa itaonekana maiti. Haitajibu skana, ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, haitatoa cheche, haitafungua injekta. Hakuna dalili hata moja hapo inayoitofautisha na iliyoungua.

Huku kwetu wa kwanza kushukiwa ni athi. Gari linalolala Nyali, Likoni au Bamburi linapumua hewa ya chumvi usiku na mchana, na mahali bolti inapobana waya wa athi kwenye injini ndipo kutu na ule ukungu wa kijani wa shaba hupenda kuanzia. Kwa juu waya unaonekana mzima. Fundi ataweka mita, mita italia, naye atatangaza waya uko sawa. Shida ni kwamba mita hupitisha umeme mdogo mno. Hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba kati ya ishirini utaifanya ilie, lakini uzi huo mmoja haubebi umeme wa injekta na koili zikifanya kazi.

Kipimo cha kweli ni cha bei rahisi. Chomoa plagi ya kompyuta, chukua balbu ya taa ya breki ya wati 21, upande mmoja uunganishe na chanya ya betri, upande wa pili ugusishe kwenye tundu la athi la ile plagi, taratibu, usije ukalipanua. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, athi inabeba mzigo. Ikiwaka kinyonge, umeshapata ugonjwa. Geuza mchezo kwa nyaya za umeme: balbu ile ile, safari hii upande mmoja kwenye athi nzuri na mwingine kwenye tundu la umeme. Baada ya hapo rudisha plagi na upime kati ya hasi ya betri na athi ya kompyuta huku injini ikizungushwa. Ukiona zaidi ya sehemu ya kumi ya volti, kuna mahali umeme unapotelea. Na betri yenyewe ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kuzungusha, usimshitaki mtu mwingine kabla ya kuishughulikia.

Halafu kuna taa ya injini, ambayo wengi huifikiria kama habari mbaya tu. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, taa hiyo inapaswa kuwaka. Kutowaka kwake, ikiwa balbu ni nzima, ni ushahidi kwamba kompyuta haijaamka. Sababu moja ya kutoamka hupitwa mara nyingi: kompyuta hutengeneza umeme wake wa volti 5 na kuugawia sensa kadhaa kwa pamoja. Sensa moja ikishoti ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, zile volti 5 huporomoka, na kwenye Toyota nyingi kompyuta hunyamaza kabisa. Weka mita kwenye waya wa volti 5 kisha chomoa sensa moja baada ya nyingine. Ukichomoa moja na volti 5 zikarudi hapo hapo, umemshika mwizi, naye anapatikana kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ya kompyuta.

Gari linalozima likipata moto ni mtego mwingine. Unatoka kisiwani vizuri, unapita Mazeras, unafika Mariakani linakata ghafla. Ukikaa kivulini nusu saa linawaka kana kwamba hapakuwa na neno. Ufa kwenye lehemu ya kompyuta huweza kufanya hivyo, lakini sensa ya kranki iliyochoka hufanya hivyo hivyo. Likiwa limekataa, mwambie mtu apige stata huku wewe ukitazama mzunguko wa injini kwenye skana. Injini inazunguka na skana inasema sifuri? Anza na sensa ya kranki na waya wake. Kama unaishuku kompyuta, ifikie ilipo huku injini ikinguruma na uipulizie joto la mashine ya kukaushia nywele, bila kuikaribisha sana, kisha uigonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Injini ikikata kwa joto hilo peke yake, sasa una cha kuzungumza.

Skana yenyewe usiiamini kupita kiasi. Misimbo, yaani namba za hitilafu inazoonyesha, ya P0601 na P0606 kweli hulalamikia kompyuta kwa ndani, ya kwanza kumbukumbu yake na ya pili ubongo wake, na hata hiyo huweza kuzuka kwa sababu ya betri mbovu. U0100 inasema tu kwamba kompyuta haipatikani kwenye mawasiliano. Tena magari mengi yaliyouzwa Japani kabla ya sheria zao za skana kufanana na za Marekani yana soketi ya matundu 16 lakini hayazungumzi na vile vidude vya bei nafuu vya kuunganisha na simu. Kutojibu simu yako si cheti cha kifo.

Zinavyokufa kweli

Maji ndiyo adui mkubwa wa Mombasa, na hayatoki baharini wala kwenye mvua za masika peke yake. Hapa kiyoyozi hufanya kazi mwaka mzima kwenye hewa yenye unyevu mwingi, kwa hivyo kinakamua maji mengi ambayo yanapaswa kutoka kwa bomba dogo chini ya gari. Bomba likizibwa na vumbi, maji hurudi ndani, upande wa miguu ya abiria. Toyota na Mitsubishi nyingi za wakati ule zimewekewa kompyuta upande huo huo, nyuma ya kisanduku cha dashibodi au ubavuni karibu na miguu. Zulia la abiria likiwa na maji na hakuna aliyemwaga chupa, acha kulianika tu juani. Tafuta bomba la kiyoyozi na mpira wa kioo cha mbele siku hiyo hiyo.

Pajero na Mitsubishi nyingine za mwanzo wa miaka ya 1990 zina ugonjwa wao wa kuzaliwa: kapasita. Kapasita ni kama tangi la maji juu ya nyumba. Maji ya bomba yakija kwa kusitasita, bilauri chini inaendelea kujaa bila kujua. Ndani ya kapasita hizi mna majimaji, na miaka ikipita majimaji hayo huvuja na kuila bodi ya saketi. Ukifungua bati utasikia harufu ya samaki na kuona doa la kahawia chini ya vile vikopo vidogo. Zikigunduliwa mapema, fundi wa elektroniki anayejua kushika kifaa cha kulehemu huzibadilisha kwa nyingine zinazostahimili nyuzi 105, akasafisha bodi kwa spiriti, na sanduku likarudi kazini. Zikichelewa, njia nyembamba za shaba huwa zimeshaliwa, na hapo kila waya unaorukishwa ni kamari.

Sasa RAV4. Za mwaka 2001 hadi 2003 zenye gia otomatiki zilijulikana kwa kompyuta ambayo viungo vyake vya lehemu hulegea kwa ndani, ikashindwa kuziamuru sawasawa solenoidi za gia, yaani vali za umeme zinazobadilisha gia. Dereva husikia nini? Gia inaingia kwa kishindo. Kishindo kiko kwenye giaboksi, basi giaboksi inashushwa, inanunuliwa nyingine, inafungwa kwa kazi ya siku nzima, na baada ya safari chache kishindo kimerudi. Toyota kule Marekani walirefusha dhamana ya kompyuta hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000, karibu kilomita 240,000, jambo ambalo kampuni haifanyi kwa hisani. Misimbo ya kawaida ni P0750 na P0755 na jamaa zake, na yote husema tu kuna hitilafu kwenye saketi ya solenoidi, haisemi ni upande gani wa waya. Kwa hivyo pima solenoidi zikiwa baridi: omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 11 hadi 15 ni afya. Zikiwa hivyo na nyaya zikiwa nzima, macho yageukie kompyuta. Na usiendelee kuliendesha kwa miezi ukingoja hela, kwa sababu kile kishindo kinaitafuna giaboksi iliyokuwa haina kosa, na utajikuta unanunua vyote viwili.

Tatizo la lehemu halikuishia kwa RAV4. Mwaka 2010 Toyota iliita yarudishwe kutengenezwa magari zaidi ya milioni 1 ya Corolla na Matrix nchini Marekani na Kanada kwa sababu ya nyufa ndani ya kompyuta ya injini.

Kifo cha tatu ni kile kinachorudiwa. Kila injekta, koili na solenoidi inaamriwa na transista, swichi ndogo ya kielektroniki iliyomo ndani ya kompyuta. Koili ikishoti, transista yake hubeba umeme usio wa kiasi chake na kuungua. Fundi anaweka kompyuta nyingine, koili ile ile bado iko pale, gari linawaka, wote wanafurahi, na wiki haijaisha silinda ile ile imekufa tena. Kompyuta ya zamani ikifunguliwa na kukutwa kitu kimeungua, uliza kilikuwa kinaamuru nini, ukakipime hicho kabla ya kufunga nyingine. Injekta nyingi za magari haya husoma omu 12 hadi 16. Iliyosoma 2 ina la kujibu. Koili zenye saketi yake ndani hazipimiki hivyo kwa mita, na kwenye gari kuukuu ambalo koili zake zimepasuka, mimi ningebadilisha iliyoshukiwa bila kubishana.

Wengine huua kwa mikono yao. Kugeuza nyaya za betri wakati wa kuazima umeme. Kuchomelea bampa ya chuma au keria bila kuchomoa betri. Kuosha injini kwa maji ya nguvu ili ing'ae mbele ya mnunuzi.

Kutafuta nyingine

Kabla ya kununua, uliza kutengeneza. Lehemu iliyopasuka, kapasita zilizovuja au transista moja iliyoungua ni kazi ya meza kwa mtu anayetengeneza bodi za elektroniki, na faida kubwa ni kwamba kompyuta inabaki ile ile inayolijua gari na ufunguo wake. Iliyolala ndani ya maji ya chumvi, hiyo iache.

Ukilazimika kununua, kitambulisho ni kibandiko kilicho kwenye bati. Toyota nyingi huanza na 89661 kisha tarakimu au herufi tano. Nissan huanza na 23710. Zile zinazofuata ndizo zenye siri: injini, gia ya mkono au otomatiki, soko ambalo gari liliuzwa, wakati mwingine hata kama lina imobilaiza, kile kizuizi cha wizi kinachotambua ufunguo. Magari mawili yanaweza kufanana rangi, mwaka na injini, na kompyuta zisiingiliane. Plagi kuingia vizuri si hoja. Plagi za Toyota huingiana kwa ukarimu mkubwa. Basi usimtume mtu dukani na maneno "ya RAV4". Mtumie picha ya kibandiko, na umwambie akutumie picha ya kile atakachopewa kabla hajatoa hela.

Kwa kuwa magari yetu mengi yaliingia kupitia bandari hii hii yakiwa yametumika Japani, kompyuta inayolingana kwa kawaida hutoka kwenye vipande vya mbele vya magari vinavyoshushwa kutoka huko huko, na isipopatikana kisiwani wauzaji huiulizia Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Usivutwe na zile za Marekani zinazouzwa mtandaoni. Kompyuta ya Marekani hutarajia sensa za mvuke wa petroli na za oksijeni ambazo gari la soko la Japani huenda halina, na taa ya injini itakaa imewaka hadi uizoee, ambalo ni jambo la hatari kuzoea.

Mpatane mapema kuhusu kurudisha. Wauzaji wengi wana msimamo: "Bwana, kitu cha umeme kikishatoka hakirudi." Si ukaidi mtupu, kwani muuzaji hajui gari lako litaifanyia nini kompyuta yake. Ukimwonyesha kwamba umeshapima athi, koili na solenoidi, una nguvu zaidi ya kuomba siku tatu za majaribio. Bora zaidi, chukua ile ambayo bado imefungwa kwenye gari lake, iwashwe uone.

Mgeni na ufunguo

Hapa ndipo watu hulia. Umepata namba ile ile, umefunga, injini inawaka sekunde moja inazima. Au haipigi cheche kabisa, na kitaa cha ufunguo kwenye dashibodi kinapepesa. Kompyuta si mbovu. Imobilaiza imekataa ufunguo isioujua, na ndiyo kazi iliyoletwa kufanya.

Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ya 1990 hayana kitu hiki, na hapo kazi ni kuchomoa na kuchomeka tu. Kwenye yaliyo nacho, kichwa cha ufunguo kina chipu, na namba ya chipu hiyo imeandikwa ndani ya kompyuta au ndani ya sanduku la imobilaiza linaloshauriana nayo. Njia nyepesi ni kununua vyote pamoja kutoka gari moja: kompyuta, sanduku la imobilaiza kama liko peke yake, na ufunguo wake. Chipu ya ule ufunguo huhamishiwa kwenye wako, mlango ukabaki na funguo zake. Njia ya pili inataka mkono mtulivu. Kwenye Toyota nyingi za mwanzo wa 2000 habari za ufunguo zimo kwenye kichipu cha miguu minane. Habari hizo husomwa kutoka bodi ya zamani na kuandikwa kwenye mpya, au kichipu chenyewe kinahamishwa. Kompyuta iliyokufa kwa transista bado huwa na kumbukumbu nzima, kwa hivyo hata maiti ana faida.

Kwa Toyota ambazo sanduku la imobilaiza liko kando, kompyuta na sanduku huweza kufahamishwa upya: waya mfupi huunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya skana, swichi inaachwa imewashwa dakika 30, kisha waya unatolewa. Hesabu matundu mara mbili, kwani la 16 kwenye soketi hiyo lina umeme wa betri moja kwa moja. Nissan hazina njia ya waya. Zinataka mashine yenye programu yake na namba ya siri ya gari.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo: chomoa hasi ya betri kwanza, gusa chuma cha gari kabla ya kugusa bodi, usiguse pini kwa vidole. Baadaye, X-Trail na Nissan nyingine hufundishwa kwa skana jinsi ya kuunguruma gari likiwa limesimama, la sivyo zitapanda na kushuka au kuzima kila ufikapo kwenye taa za barabarani. Toyota hujifunza zenyewe barabarani, na gia zake zaweza kuwa za ajabu kidogo siku ya kwanza.

Sanduku la zamani lisibaki gerejini, hata ukiahidiwa kupunguziwa bei. Ndani yake mna habari za funguo zako, na ile mpya ikifa mwezi ujao ndiyo itakayosomwa tena. Litie kwenye mfuko mkavu uliofungwa, andika namba ya gari juu yake, kisha chukua ule ufunguo wa akiba unaolala kabatini na ujaribu kuwasha nao gari fundi akiwa bado hajalipwa.